Kufungia kabati la plaiwudi nyumbani kwa mteja: jinsi ya kuchagua vifungio visivyoonekana

Kabati la nguo lenye kimo cha mm 2400 na kina cha mm 600, likifungwa likiwa limelazwa sakafuni, halisimamishiki katika chumba chenye dari ya mm 2450. Linapoinuliwa, kinachopita chini ya dari ni mshazari wa ubavu wake, na mshazari huo ni mm 2474. Sentimita mbili na ushee zinatosha kukwamisha kazi ya wiki nzima. Hapo bado hujahesabu ngazi zenye kona kali za nyumba za ghorofa za Njiro, wala milango ya vyumba ya sentimita 80. Ndiyo maana mafundi wengi wa Arusha na Moshi hukata na kutoboa karakanani, hupakia paneli bapa kwenye kirikuu, kisha hufunga fanicha ndani ya chumba itakamokaa.

Vifungio vya kazi hiyo ni vingi, na wateja huja na picha za vile vya kisasa kabisa ambavyo havionekani hata kidogo. Kuchagua kwa picha ni kuanzia mwisho. Kila kiungo kina maswali yake matatu: kitavutwa au kukandamizwa kuelekea wapi, bisibisi itaingilia wapi siku ya kufunga, na karakana inaweza kutoboa kwa usahihi wa kiasi gani. Ukishayajibu, vifungio vinavyofaa hubaki viwili au vitatu, na mara nyingi kimojawapo ni kile cha bei nafuu ambacho duka la jirani linacho tayari.

Kubana na kubeba ni kazi mbili

Tuanze na kemu, yaani lile duara la chuma la mm 15 lenye alama ya mshale. Madukani huitwa Minifix hata pale ambapo halikutoka kwa Häfele, wenye jina hilo. Kemu hukaa kwenye paneli moja, bolti yake hukaa kwenye paneli ya pili, na ukizungusha kemu kiasi cha nusu mzunguko hivi, hukamata kichwa cha bolti na kuvuta paneli mbili zigusane. Kazi yake inaishia hapo. Haikutengenezwa kubeba uzito unaoshuka kandokando ya kiungo, wala haiamui paneli ikae wapi hasa, kwa sababu tundu la ukingoni ni la mm 8 na bolti inayopita ndani yake ni nyembamba zaidi. Paneli inaweza kuhama karibu nusu milimita kila upande kabla haijabanwa. Nusu milimita kwenye kona ya kabati huonekana, na kidole huigundua hata kabla ya jicho.

Kazi ya kushika mahali na kubeba uzito ni ya doweli ya mbao ya mm 8, yaani kijiti cha mviringo, inayowekwa pembeni ya kemu. Fundi anayeruka doweli ili aokoe muda hupata kabati linalosimama vizuri siku ya kwanza, kisha rafu hushuka kidogo kidogo kadiri vitabu na mablanketi yanavyoongezeka, na mwisho bolti hupanua tundu lake.

Kwa paneli ya kina cha mm 600, mpangilio unaotulia ni huu: kemu mm 50 kutoka ukingo wa mbele, doweli ya kwanza mm 82, doweli ya pili katikati kwenye mm 300, ya tatu mm 518, na kemu ya pili mm 550. Ule umbali wa mm 32 kati ya kemu na doweli ni kipimo kilekile ambacho viwanda vya makabati hutumia kwa matundu ya rafu: matundu ya mm 5, yaliyopangwa kila baada ya mm 32, mstari wa kwanza ukiwa mm 37 kutoka ukingo wa mbele. Ukikifuata, kiongozi kimoja cha kutobolea kitatumika kwa kazi zako zote.

Doweli ipakwe gundi nusu moja tu, ile inayozama kwenye ukingo, na ifanywe hivyo karakanani. Nusu ya pili ibaki kavu. Masika yakianza, doweli zilizoachwa wazi kwenye boksi hunywa unyevu na kuvimba, na doweli iliyovimba haiingii kwenye tundu la mm 8 bila kupasua tabaka za plaiwudi. Zihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Plaiwudi ina tabia zake

Maelekezo mengi yanayokuja na vifungio yameandikwa kwa ajili ya chipubodi na MDF, mbao ambazo ndani zinafanana pande zote. Plaiwudi ni tabaka zilizopishana mwelekeo wa nyuzi. Usoni ina nguvu sana. Ukingoni ni habari nyingine: ukitoboa, biti hukutana na tabaka laini na ngumu kwa zamu, hivyo huteleza kuelekea ile laini. Tena plaiwudi za bei ya chini huwa na mapengo ndani, mahali ambapo vipande vya tabaka havikukutana. Skrubu iliyoangukia pengo haishiki chochote, na ile iliyofuata mstari wa gundi huzitenganisha tabaka kama kabari.

Kutokana na hilo kuna kanuni moja tunayoisimamia katika kila kiungo cha plaiwudi: nyuzi za skrubu na mwili wa kifungio vizame usoni, na ukingoni pawe na tundu la kupitia tu. Kemu inaitimiza kanuni hiyo. Mwili wake uko usoni mwa paneli ya kulala, bolti yake imekazwa usoni mwa ubavu kwenye tundu la mm 5 lenye kina cha mm 11 hadi 12, na ukingo umetobolewa njia tu. Skrubu nene aina ya Confirmat ya mm 7 kwa 50 haiitimizi, kwa kuwa nyuzi zake zote hukazwa ukingoni. Haimaanishi ni mbaya. Ukiitobolea njia ya mm 5 ukingoni na mm 7 usoni, na ukaiweka mbali na kona kwa mm 60 au zaidi, inashika. Ila kichwa chake kiko nje, na ukiifungua mara mbili tatu ukingo wa plaiwudi huanza kulegea. Iache kwa makabati ya stoo.

Unene nao unadanganya. Shiti linalouzwa kama mm 18 mara nyingi hupungua, na mm 17.2 si jambo la ajabu. Pima kila shiti kwa kalipa, mahali pasipopungua panne, na uandike kipimo kwa penseli. Sababu ni hii. Kemu ya mbao ya mm 18 imekadiriwa kwamba mhimili wa bolti uko mm 9 kutoka usoni. Ukipima katikati ya ukingo kwa kila paneli, ile ya mm 17.2 itapata mhimili kwenye 8.6, ile ya mm 17.8 itapata kwenye 8.9, na kona zako zitapishana. Badala yake chagua uso mmoja ambao lazima uwe sawa na ukingo wa ubavu, kwa kawaida ule wa nje, na upime mm 9 kutoka hapo kwa kila paneli bila kujali unene wake. Tofauti yote itahamia ndani, ambako haimuumizi mtu. Kisha, pale ambapo kemu inazamishwa kutoka uso ulio kinyume na ule uliopimia, punguza kina cha tundu lake kwa kiasi kilekile kilichopungua: kama kemu yako inataka mm 14 kwa mbao ya mm 18, kwa mbao ya mm 17.2 toboa mm 13.2.

Hapohapo kuna mtego mwingine. Baada ya kutoboa mm 13.2 kwenye ubao wa mm 17.2, unabakiwa na mm 4 tu, na ncha ya katikati ya biti pana ya mm 15 hutangulia mbele ya makali kwa milimita mbili hadi tatu. Ikisukumwa kidogo tu zaidi, hutokeza upande wa pili kama kipele, au hutoboa kabisa uso wa nje uliokwisha pakwa vanishi. Isage ncha hiyo ibaki fupi, na uweke kizuizi cha kina kwenye drili ya kusimama. Drili ya mkononi isitumike kwa tundu hili. Mkono hauwezi kuhakikisha nusu milimita mara ishirini mfululizo.

Unaponunua, angalia urefu wa bolti. Zipo za mm 24 na za mm 34, zikiwa na maana ya umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya kemu, na kwenye makopo ya duka huchanganywa bila mtu kujali. Kwa plaiwudi chukua za mm 34. Kemu ina nusu kipenyo ya mm 7.5, kwa hiyo bolti ya 34 huacha mm 26.5 za mbao kati ya kemu na ukingo, wakati ile ya 24 huacha mm 16.5 tu. Ukiwa na plaiwudi yenye mapengo, zile milimita kumi ndizo zinazozuia kipande kisimeguke kemu inapovuta. Na ununue vifungio vyote kabla ya kutoboa tundu la kwanza, kisha ujaribu seti moja kwenye mabaki ya shiti lilelile. Kemu za viwanda viwili tofauti zinaweza kufanana kwa macho na kuhitilafiana kina.

Kuficha kwa kuchagua mahali

Wateja wakisema hawataki kuona kifungio, wengi wao wanachomaanisha ni kwamba hawataki kukiona wakiwa wamesimama au wameketi mahali wanaposimama na kuketi kila siku. Kifungio kilicho juu ya paneli iliyo juu ya kimo cha macho, au chini ya rafu iliyo chini ya kimo cha macho, hakionekani. Ni bei nafuu kuliko teknolojia yoyote. Kwa rafu iliyo chini ya mm 1500 kutoka sakafuni weka kemu upande wa chini, na kwa iliyo juu ya hapo weka upande wa juu.

Kinachoharibu mpango huo ni bisibisi. Kemu huzungushwa kwa bisibisi iliyosimama wima juu ya uso, kwa hiyo inahitaji nafasi ya mm 150 hadi 200 iliyonyooka. Rudi kwenye lile kabati la mm 2400 chini ya dari ya mm 2450. Ukiweka kemu za paneli ya juu upande wa juu, zimejificha kabisa, lakini kabati litabidi lifungwe likiwa limesimama, na pengo la mm 50 halimezi bisibisi. Ukiweka kemu za paneli ya chini upande wa chini, miguu ya mm 100 haitoshi kuzifikia. Mtu aliyechora bila kufikiria hili hujikuta anahamishia kemu ndani siku ya kufunga, kwa drili ya mkononi, mbele ya mteja.

Suluhisho tunalolipenda ni kulikata kabati kwa kimo. Kwa kabati la upana wa mm 1800, tengeneza masanduku mawili ya chini yenye upana wa mm 900 na kimo cha mm 2000 pamoja na miguu, na mawili ya juu yenye kimo cha mm 400. Sanduku la chini lina mshazari wa mm 2088, kwa hiyo unalifunga likiwa limelala na kulisimamisha bila wasiwasi. Kemu za paneli yake ya chini zinakaa upande wa chini na hubanwa kabla halijasimamishwa. Kemu za paneli yake ya juu zinakaa upande wa juu, na sanduku la pili likiwekwa juu zinafunikwa. Sanduku la juu nalo hufungwa sakafuni, kemu zake zikiwa juu kabisa na chini kabisa, kisha hupandishwa na kuegeshwa mahali pake. Kabati zima linakuwa halionyeshi kemu hata moja isipokuwa zile za rafu ya kati, nazo ziko chini ya rafu.

Gharama yake ni paneli nne za ziada za mm 864 kwa 600. Shiti la mm 2440 kwa 1220 linatoa nne kamili, kwa hiyo ni shiti moja zaidi. Kwa vifungio, kila safu ina paneli tano za kulala: mbili za sanduku la juu na tatu za sanduku la chini. Hiyo ni kemu 20 na doweli 30 kwa safu, kemu 40 na doweli 60 kwa kabati lote. Nunua kemu 45 na doweli 70. Masanduku mawili ya jirani yanaunganishwa kwa bolti za makabati zenye vichwa pande zote mbili, nne kwa jozi ya chini na mbili kwa jozi ya juu, kwenye matundu ya mm 8 yaliyopita mbavu zote mbili. Ziweke nyuma ya bawaba, pale ambapo mlango ukifunguka jicho hukimbilia nguo.

Pale ambapo mteja anakataa mstari wa mlalo kwenye milango, funga kabati likiwa limesimama, weka kemu za juu na za chini kwa ndani, na uzifunike kwa vifuniko vya plastiki vya rangi inayokaribiana na mbao. Ni jibu halali. Mwambie mteja mapema.

Kitanda, meza na chochote kinachotikiswa

Kemu hutengenezwa kwa aloi ya zinki, na hukatika ikilazimishwa. Usiitumie kwenye kitanda. Hapo mzigo unakuja kwa mishtuko, na kiungo kinavutwa na kupindwa kila mtu anapogeuka. Kitanda cha plaiwudi kinataka bolti ya M6, yaani ya kipenyo cha mm 6, na nati ya pipa, yaani kipande cha chuma cha mviringo chenye kipenyo cha mm 10 kinachozamishwa usoni mwa reli, huku bolti ikipita ukingoni kukifuata.

Vipimo vyake ni rahisi. Tundu la nati ni mm 10, katikati yake ikiwa mm 32 kutoka mwisho wa reli, nalo lisitoboke upande wa pili. Njia ya bolti ni mm 7. Urefu wa bolti ni unene wa ubao wa kichwani, ujumlishe umbali wa nati, ujumlishe mm 8: yaani 18 na 32 na 8, jumla mm 58, kwa hiyo chukua bolti ya mm 60 na utoboe njia iendelee mm 5 zaidi. Bolti fupi hushika nyuzi mbili tatu tu na kuzing'oa. Bolti ndefu kuliko njia yake hugonga mwisho wa tundu, fundi anahisi imekaza, kumbe kiungo bado kina pengo.

Reli ya plaiwudi moja ya mm 18 ni nyembamba mno. Gandisha mbili zipate mm 36. Weka bolti mbili kila kona, moja juu ya nyingine, kwa sababu bolti moja huiacha reli izunguke kama mlango. Chini ya kila kona gandisha pia kibao kwenye ubao wa kichwani ambacho reli itakikalia, ili uzito wa watu ushuke kwenye mbao na bolti ibaki na kazi ya kuvuta tu. Vichwa vya bolti viko nje ya ubao wa kichwani, ambako kuna ukuta. Upande wa miguuni ndipo pa kuamua: kofia ya shaba inayoonekana kwa makusudi huwa nzuri kuliko plastiki inayojaribu kujificha. Nati ya pipa ikigeuka ndani ya tundu, bolti haitaikuta. Ndiyo maana ina mfereji kichwani: ielekeze kwa bisibisi bapa, mfereji ukiwa sambamba na bolti.

Kwa miguu ya meza, chaguo ni nati ya meno au nati ya kuzamisha. Nati ya meno ya M6 hugongwa kwenye tundu la mm 8 kutoka upande wa pili wa mvuto, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo inavyozidi kuuma. Ina nguvu kupita zote, mradi upande wake wa nyuma unaweza kufunikwa. Nati ya kuzamisha ina nyuzi nje na ndani, na hukazwa usoni upande uleule wa bolti. Usiamini ukubwa wa biti ulioandikwa kwenye pakiti. Pima shina la nati kati ya nyuzi zake kwa kalipa, na utoboe sawasawa na hapo au nusu milimita zaidi. Tundu likibana sana, uso wa plaiwudi huinuka na kupasuka pande zote. Iingize kwa bolti yenye nati mbili zilizofungana, ukiizungusha polepole huku imesimama wima.

Makabati ya jikoni yanayoning'inia ukutani yana kifungio kisichonunuliwa dukani kabisa. Pasua ubao wa plaiwudi kwa nyuzi 45 upate vipande viwili vinavyokumbatiana, funga kimoja ukutani kwa plagi na skrubu, kingine nyuma ya kabati, kisha ning'iniza. Kwa kuta za tofali zisizonyooka, hii inashinda mabano mengi ya chuma, kwa kuwa kabati linaweza kusogezwa kushoto na kulia hadi likae.

Vifungio vya mashine maalumu

Clamex P-14 ya Lamello ya Uswisi ni kifungio kizuri sana. Huteleza ndani ya mfereji wenye umbo la T na hubanwa kwa ufunguo wa pembe sita wa mm 4 kupitia kitundu cha mm 6. Kitundu hicho tu ndicho kinachoonekana. Kinafaa ubao kuanzia mm 16. Tatizo ni mfereji: unahitaji mashine yao ya Zeta P2, au CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, yenye kisu maalumu. Invis Mx2 ya kampuni hiyohiyo haina hata kitundu, maana huzungushwa kwa sumaku kutoka nje. Festool nao wana vifungio vya kuingia kwenye matundu ya mashine yao ya Domino.

Karakana inayofunga jikoni mbili kwa mwezi haitarudisha gharama ya mashine hizo haraka. Karakana inayopeleka samani za vyumba thelathini kwa loji moja Karatu, ambako kila saa ya kufunga ni saa ya posho na malazi ya mafundi, inaweza kuirudisha. Kama unatuma michoro yako kukatiwa kwa CNC, uliza kwanza wana kisu gani kabla ya kuchora kiungo.

Siku ya kupakia na siku ya kufunga

Fanicha nzima ifungwe karakanani mara moja, bila gundi kwenye viungo vya kufunguka. Kila kiungo kiandikwe herufi moja pande zote mbili, mahali patakapofichika. Kisha fungua, na toa bolti zote za kemu. Bolti inayotokeza nje ya ubavu itachora uso wa paneli ya jirani kabla hujafika nusu ya barabara ya vumbi. Zifunge kwenye mfuko mmoja kwa kila sanduku.

Chukua kemu nne za akiba, bolti nne, nyundo ya mpira, bisibisi ya nyota namba 2 ya mkono, kalipa, futi kamba, pima maji na biti ya mm 5. Usitumie drili kukazia kemu. Kwa mkono utahisi inapouma, na hapo ndipo pa kuacha.

Sakafu haiko sawa, ukuta haujanyooka, na hilo ni la kawaida. Sawazisha miguu kwanza, kisha weka sanduku, na upande wa ukuta acha mm 30 hadi 50 za kipande cha kuchongea kifuate mkunjo wa lipu. Unapofunga, hakikisha mshale wa kila kemu unaelekea ukingoni kabla ya kuingiza bolti, la sivyo bolti itagonga mgongo wa kemu. Sukuma viungo kwa nyundo ya mpira na kibao hadi vigusane kabisa. Kemu huvuta milimita chache tu, na ikitumiwa kuziba pengo kubwa ndipo inapokatika. Ikamate kila kemu nusu, pima mishazari miwili ya sanduku, na ikitofautiana zaidi ya mm 2 sukuma kona ndefu kabla ya kukaza. Mgongo wa plaiwudi ya mm 6 uingie mwisho, ukiwa umekatwa mraba kamili, kwani ndio utakaolizuia kabati lisiyumbe. Kemu ikizunguka bila kuuma, karibu kila mara bolti haijakazwa hadi kola yake ikagusa uso, au tundu la kemu limezidi kina. La kwanza hutibiwa kwa kukaza bolti. La pili hutibiwa kwa kipande chembamba cha vinia kilichokatwa duara na kuwekwa chini ya kemu.

Rudi kukaza baada ya wiki sita hivi, au masika yakiisha. Unene wa plaiwudi hupanda na kushuka na unyevu, na kabati lililofungwa Moshi kwenye joto la Februari si lilelile mwezi Mei.

Mteja akihama nyumba, bolti za kemu huweza kutolewa na kurudishwa mara kadhaa. Tundu la mm 5 likilegea, lipanue hadi mm 8, pigilia doweli yenye gundi, ikate sawa na uso, iache usiku kucha, kisha toboa tena mm 5 katikati yake kwa kina cha mm 12.